Zabibu Mwitu na Lawama Isiyo Yake

Neno katika lugha hukaa kama mtu katika baraza. Likiketi karibu na maneno yenye heshima, hupewa heshima. Likiketi karibu na maneno yenye aibu, huaibika pamoja nayo, hata kama halikutenda kosa lo lote. Katika Kiswahili liko neno moja lililoketishwa vibaya kwa muda mrefu, nalo ni mwitu. Maana yake ya asili ni msitu: mahali penye miti, kivuli, maji, dawa, asali na matunda. Lakini likifuata jina la kitu kingine, mara nyingi hukishusha kitu hicho daraja. Mbwa mwitu ni mfano wa ukatili. Tunda la mwitu ni tunda la mtu aliyekosa tunda. Na tabia za mwituni ni tabia za asiyefunzwa. Vyote vikaavyo mwituni vimehukumiwa kwa neno moja, wala hakuitwa shahidi hata mmoja.

Katika hukumu hiyo ni vigumu kumtaja aliyeonewa kuliko zabibu mwitu. Wasomaji wengi wa Kiswahili hawajapata kuiona, kuichuma wala kuionja, na hata hivyo wana hakika kuwa ni mbaya. Hakika hiyo wameipata kitabuni. Sura ya 5 ya kitabu cha nabii Isaya ina mfano wa mtu mwenye shamba la mizabibu. Mtu huyo hakuacha kazi hata moja ya mkulima mwema: ardhi ilitengenezwa, mche ulichaguliwa, ulinzi uliwekwa, na mahali pa kukamulia palikuwa tayari. Msimu ulipofika, matunda yalimhuzunisha. Tafsiri ya Biblia iliyotolewa mwaka wa 1952, ambayo lugha yake imewalea wasomaji na waandishi wengi wa Afrika ya Mashariki, huyaita matunda hayo zabibu-mwitu.

Hapa ndipo dhuluma ilipopata hati. Neno la Kiebrania lililomo katika mfano ule ni be'ushim, nalo latokana na mzizi wenye maana ya kunuka. Ndani yake hamna msitu. Lasema habari ya matunda mabaya, yanayonuka, yasiyofaa. Wafasiri wa kale wa Kiyunani waliandika miiba. Mtakatifu Hieronimo, alipofasiri kwa Kilatini, aliandika labruscas, jina ambalo Warumi waliipa mizabibu iliyojiotea yenyewe. Tafsiri mashuhuri ya Kiingereza ya mwaka wa 1611 iliandika zabibu za mwitu, na Kiswahili kikaandika maana ile ile. Hivyo neno lilisafiri kutoka lugha hata lugha, kama mzigo unaohamishwa kutoka chombo hiki hata chombo kile bila ya kufunguliwa. Ni kweli kwamba wapo wataalamu wa Kiebrania walioridhia maana ya zabibu mwitu, na heshima yao haipunguzwi hapa. Lakini mzizi wa neno hauwatetei. Kitu kinaweza kunuka shambani kama kinavyoweza kunuka msituni.

Pengine mtu atasema kuwa neno moja halina uzito wa kugombewa. Na autazame mfano tena. Nabii alitoa lawama juu ya taifa lililotendewa mema likatenda maovu. Mzabibu uliolaumiwa haukutoka mwituni. Ulikuwa mzabibu wa shamba, wa namna iliyo bora, uliotunzwa na kulindwa. Ukizaa matunda yanayonuka, aibu ni yake wenyewe, kwa sababu haukunyimwa kitu. Lakini tunda lake baya likiitwa zabibu mwitu, aibu huondolewa shambani ikapelekwa msituni. Aliyekosa ni mlelewa. Aliyepewa jina la kosa ni yule ambaye hakulelewa na mtu. Katika mahakama ya wanadamu, mshtakiwa wa namna hii angekata rufani.

Basi rufani hiyo na isikizwe, na zabibu mwitu iitwe ijieleze yenyewe.

Shahidi wa kwanza ni nasaba. Mzabibu wa mashamba, ambao wataalamu huuita Vitis vinifera, si mgeni kutoka mbinguni. Ni mtoto wa mzabibu mwitu wa Asia ya Magharibi na nchi za Kaukasi, uliochaguliwa na wakulima vizazi kwa vizazi. Katika mwitu mimea hii kwa kawaida hugawanyika kuwa dume na jike, na dume hauzai hata ukipambwa kwa majani mazuri namna gani. Wakulima wa kale waliichagua mizabibu michache yenye maua yaliyounga pande zote mbili, wakaipanda kwa vipande vya matawi. Hiyo ndiyo tofauti kubwa baina ya bwana wa shamba na ndugu yake wa msituni. Usultani wote wa zabibu za mezani na za mvinyo umejengwa juu ya uchaguzi huo.

Shahidi wa pili ni msimu wenyewe. Amerika ya Kaskazini ni nchi yenye utajiri mkubwa wa mizabibu mwitu. Kandokando ya mito hutambaa Vitis riparia. Katika majimbo ya kusini na mashariki hukua Vitis rotundifolia, yenye tunda kubwa la ngozi nene. Katika misitu ya mashariki kuna Vitis labrusca, ambayo Carl Linnaeus aliipa mwaka wa 1753 jina lile lile la Kilatini aliloandika Hieronimo, ingawa mzabibu huo wa Marekani haukujulikana na nabii wala na Warumi. Kuanzia Agosti hata Oktoba matunda hugeuka kutoka kijani kuwa meusi au ya zambarau, na watu hutoka na vikapu.

Mtu mwenye haraka akizionja zabibu za mtoni mwezi wa Agosti, huzitema. Ni ndogo, zina mbegu kubwa, na ukali wake hukunja uso. Mwenye subira hungoja. Siku zinapopoa, na hasa baada ya baridi ya kwanza igandishayo umande, ukali hupungua na utamu huonekana. Hata hapo kazi haijaisha. Maji ya zabibu hizi yana asidi nyingi iitwayo tartariki, nayo huweza kuwasha mikono ya mkamuaji. Wajuzi huyaacha maji katika ubaridi usiku kucha au zaidi, mpaka chembe kama za chumvi zikae chini ya chombo. Kisha huyamimina polepole na kuyaacha masimbi. Yanayobaki hufanywa kinywaji, jamu au mvinyo. Majani machanga nayo hutumika kufungia chakula. Je, hii ni kazi ya mshenzi? Kungoja wakati, kutambua kiasi, kutenga kibaya na kizuri bila ya kuharibu vyote viwili, ni mambo ambayo chuo chenyewe hudai kuwafunza wanafunzi wake.

Wala kosa katika elimu hii si dogo. Katika misitu ile ile hukua mmea uitwao Menispermum canadense, wenye vishada vyeusi vinavyofanana mno na zabibu, navyo ni sumu. Mchumaji aliyefunzwa hapigwi na macho. Hutazama kama mmea una vile vikono vyembamba vinavyojizungusha matawini, kwa sababu mzabibu unavyo na yule mwigaji hana. Kisha hupasua tunda. Zabibu ina mbegu zaidi ya moja kwa kawaida, zenye umbo la pea. Tunda la sumu lina mbegu moja iliyopindika kama mwezi mwandamo. Mzee asiyejua kusoma herufi moja huweza kumfunza mjukuu wake tofauti hiyo kwa dakika chache, na mjukuu akaishi. Mwenye shahada asiyeijua huweza kufa na shahada yake. Yupi kati yao aitwe mjinga wa mwituni?

Shahidi wa tatu ni wenyeji wa nchi. Wacherokee, Wachoctaw na Wachickasaw walikula zabibu mwitu kabla ya shamba la kwanza la Mzungu kupandwa katika bara lile. Miongoni mwa vyakula vyao kuna madonge ya unga yanayopikwa ndani ya maji ya zabibu hizo. Mwaka wa 1830 serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya kuwahamisha wenyeji wa kusini mashariki, na katika miaka iliyofuata watu hawa walisukumwa kwa nguvu kuelekea magharibi, mpaka nchi ambayo sasa ni jimbo la Oklahoma. Maelfu walikufa kwa njaa, baridi na maradhi. Waliofika walikuwa wamenyang'anywa mashamba, nyumba na makaburi ya wazee wao. Ujuzi wa chakula kile haukunyang'anyika. Hata leo huko Oklahoma madonge ya zabibu hupikwa, ingawa wapishi wengi hutumia maji ya zabibu ya chupa. Anayesema kuwa chakula cha mwitu ni alama ya umaskini na ajibu swali hili: ni utajiri gani mwingine uliomaliza safari ile?

Na maji hayo ya chupa yenyewe yametoka wapi? Hapa yupo shahidi wa nne. Katika mji wa Concord, jimbo la Massachusetts, aliishi mtu aitwaye Ephraim Wales Bull. Alichukua mbegu za zabibu mwitu za namna ya labrusca, akazipanda, akachagua, akapanda tena. Mwaka wa 1849 alipata mzabibu wenye tunda jema linalowahi kuiva kabla ya baridi kali, na mwaka wa 1853 akalionyesha mbele ya watu. Zabibu hiyo ikaitwa Concord. Mwaka wa 1869 Thomas Bramwell Welch, huko Vineland, New Jersey, akapata njia ya kuyahifadhi maji yake yasichachuke, apate kinywaji kisicho kileo kwa meza ya Bwana. Angalieni mzunguko wa mambo! Tunda lililopewa jina la lawama kanisani lilirudi likaingia kikombe cha kanisa. Bull mwenyewe alifariki mwaka wa 1895 hali hana mali, maana wengine walikuwa wameipanda na kuiuza zabibu yake. Mwitu una desturi ya kutoa. Shamba lina desturi ya kusahau.

Lakini shahidi mkubwa kuliko wote ni wa tano. Katika miaka ya 1860 mizabibu ya Ufaransa ilianza kukauka pasipo sababu iliyojulikana. Mwaka wa 1868 Jules-Émile Planchon na wenzake walichimbua mizizi wakakuta wadudu wadogo wa jamaa ya vidukari, wakifyonza uhai wa mmea chini ya ardhi. Mdudu huyo, aitwaye filoksera, alitoka Amerika ya Kaskazini pamoja na miche iliyopakiwa melini. Mavuno ya mvinyo wa Ufaransa, yaliyokuwa hektolita milioni 84 hivi mwaka wa 1875, yalianguka hata milioni 23 hivi mwaka wa 1889. Wakulima walifilisika, vijiji vikahamwa. Watu walimwaga dawa kali ardhini, wakafurika mashamba kwa maji, na bado mdudu aliendelea kula.

Tiba ilitoka mwituni. Mizabibu mwitu ya Amerika ilikuwa imeishi na mdudu yule tangu zama, na mizizi yake ilikuwa imejifunza kumvumilia. Mizizi ya riparia, ya rupestris na ya berlandieri ikachukuliwa, na juu yake vikaungwa vichipukizi vya zabibu bora za Ulaya. Kwa ardhi yenye chokaa nyingi tatizo lilizidi, mpaka Pierre Viala alipotumwa Marekani mwaka wa 1887 na kusaidiwa na Thomas Volney Munson wa Denison, Texas, mtu aliyeizunguka misitu akiichunguza mizabibu mwitu. Mwaka wa 1888 serikali ya Ufaransa ilimpa Munson nishani ya heshima. Tangu hapo sehemu kubwa ya mashamba ya mizabibu duniani, ukiacha nchi chache kama Chile, husimama juu ya mizizi yenye damu ya mwitu. Mnywaji husifu jina la shamba lililoandikwa kwenye chupa. Lililo chini ya udongo halisifu. Wahenga walionya: usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Wapinzani wana majibu, na majibu yao yastahili kusikizwa. La kwanza husema: mdudu yule yule ametoka katika mwitu wa Amerika, basi mwitu uliponya jeraha uliloliumba wenyewe. Hoja hii ina ukweli nusu. Katika misitu yake mdudu na mzabibu walikuwa wamepatana. Hakuna aliyemwangamiza mwenziwe. Aliyevunja mapatano ni mfanya biashara aliyehamisha miche kuvuka bahari bila ya kujua alichokibeba. Meli haikukodiwa na mwitu.

La pili husema: mzabibu mwitu hupanda juu ya miti, ukaielemea na kuivunja. Ni kweli, na wenye misitu ya mbao huukata kwa sababu hiyo. Lakini dubu, bata mzinga na kwale wa misitu ile hula matunda yake, na mti wa mbao si raia peke yake wa msitu. Anayepima msitu kwa mbao tu ni kama anayepima maktaba kwa uzani wa karatasi.

La tatu ndilo lisemwalo na wengi: zabibu mwitu ni kali, na ya shamba ni tamu, basi ubishi wa nini? Hoja hii ingekuwa ya haki kama ulimi ungekuwa hakimu pekee. Utamu wa zabibu ya dukani, inayopatikana mwezi wo wote, umenunuliwa kwa kuukomesha msimu. Mlaji wake hajui ilipotoka, ilipoiva wala nani aliichuma. Mlaji wa zabibu mwitu hula mara chache, lakini hula pamoja na jina la mahali, mwezi, na mtu aliyemwonyesha. Hakuna atakayedai kuwa dunia ilishwe kwa vikapu vya msituni. Linalodaiwa ni kwamba asidharauliwe anayejua kukijaza kikapu hicho.

Yamkini mwanafunzi wa Dar es Salaam, Nairobi au Zanzibar atauliza: kesi hii ya ng'ambo yatuhusu nini? Aanze na jina. Zabibu ni neno lililotoka Kiarabu, na kwa Kiarabu ni tunda lililokwisha kaushwa. Lililo bichi lina jina jingine, inabu. Kwa hiyo Kiswahili kilipokea jina la tunda hili likiwa kavu kwanza, kisha kikalitumia kwa lililo bichi pia. Baadaye mizabibu ilipandwa katika nchi kavu ya Dodoma, ambako jua huwezesha mavuno mara mbili kwa mwaka. Fahari ya Dodoma ni ya haki. Lakini mwanafunzi anayejua habari za mashamba yale huenda asijue kuwa jamaa za mzabibu zimo vichakani Afrika ya Mashariki tangu asili: Cissus, Cyphostemma, Rhoicissus na Ampelocissus, mimea ya kutambaa yenye vikono na vishada. Baadhi hutoa matunda yanayoliwa, na nyingine huwasha koo. Kuzitenganisha ni elimu, na elimu hiyo iko katika vinywa vya wazee wachache.

Na si jamaa za mzabibu peke yake. Mwitu na vichaka vya nchi hizi vina mabungo na matoria ya mimea ya kutambaa, vina kunazi, ukwaju na ubuyu. Kinywaji cha bungo husifiwa na kila aliyefika pwani katika msimu wake, na ubuyu na ukwaju huuzwa mijini kila siku. Mji hula mwitu na huku unautukana. Afunguaye kamusi kutafuta matunda ya namna hii mara nyingi hukutana na maelezo mafupi: aina ya tunda la porini. Maelezo hayo ni jirani wa usahaulifu. Hayasemi mmea una umbo gani, huzaa mwezi gani, huonjwaje, hutayarishwaje, wala unafanana na sumu ipi. Mfano wa shamba la nabii umerudiwa katika kamusi: mtunzaji alikuwa na kila chombo cha kazi, kisha akazaa maelezo yasiyolika. Nani alaumiwe hapo, mwitu au mlelewa?

Ipo hatari ya kweli katika jambo hili. Tunda lisilokuwa na jina halina mtetezi. Kichaka kinapofyekwa ili pajengwe au palimwe, hesabu hufanywa ya miti iliyojulikana. Iliyoitwa mwitu tu haihesabiwi. Mtoto anayeweza kutaja matunda ya Ulaya kwa picha, asiweze kutaja matatu ya kichaka kilicho nyuma ya shule yake, hawezi kulia yanapokatwa. Na siku maradhi mapya yatakapokausha mimea ya mashamba, kama yalivyokausha mizabibu ya Ufaransa, watu watatafuta mizizi yenye nguvu mahali walipokwisha kuing'oa.

Dawa ya hatari hii haihitaji fedha nyingi. Mtunga kamusi na aende msituni pamoja na mchumaji kabla ya kuandika maelezo yake, naye aandike jina la mmea, msimu wake, ladha yake na hadhari yake. Mwalimu wa lugha na awapeleke wanafunzi kwa wazee wakati matunda yanapoiva, wala asiwatume kwa vitabu peke yake, maana tunda haliivi kitabuni. Mfasiri na achunguze mzigo aupokeao kabla ya kuupitisha kwa lugha nyingine. Na msomi anayeona haya kuonekana na kikapu kichakani na akumbuke kuwa haya hiyo si dalili ya elimu, bali ni dalili ya kusahau elimu ilikotoka. Mwacha asili ni mtumwa.

Neno mwitu halihitaji kusifiwa kuliko kadiri yake. Mwituni kuna tamu na kuna sumu, kama kulivyo mjini. Linalotakiwa ni haki ndogo tu: liondolewe kwenye kiti cha mshtakiwa, lipewe kiti chake cha zamani barazani, karibu na maneno kivuli, maji, asali na tunda. Tunda linalonuka liitwe tunda linalonuka, hata likitoka katika shamba lenye mnara. Na zabibu iliyoiva juu ya mti wa msitu, bila ya mlinzi wala mpaliliaji, iitwe zabibu.